Kijiwe cha kahawa Ngamiani: kahawa safi, kashata ina kesi

Kama uko Tanga na unataka kahawa chungu ya ukweli achana na mahoteli, njoo Ngamiani baada ya magharibi kuna mzee anauza kwa birika lile la shaba juu ya makaa, tangawizi imekolea, haina ile harufu ya kuungua. Vikombe anasuuza vyote kwenye ndoo moja, hapo nimemkata maksi.

Ila kinachokalisha watu pale ni siasa. Juzi ubishi ulikuwa nani muongo zaidi, mgombea aliyesema mkataba wa barabara ya mtaani ushasainiwa wakati haupo, au mwenzie aliyesema "tuko mbioni, mchakato unaendelea, wadau wanashirikishwa". Watu wote wakamvaa wa kwanza. Mwalimu mmoja mstaafu akasema hapana jamani, huyo afadhali, ukweli anaujua ndo maana anauficha, ukienda ofisini ukauliza mkataba umemkamata. Huyu wa pili utamkamata na nini? Akamtaja mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliandika hayo toka 1986, kwamba muongo bado anaujali ukweli maana lazima aukwepe, ila mpiga porojo kwake kweli na uongo ni sawa tu, anachotaka aonekane wa maana.

Kijana akadakia, kwa hiyo bomba la mafuta je? Mwalimu akamwambia kutoka Hoima kule Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga ni kilomita 1,443, mtu akikwambia 3,000 huyo kakosea au muongo, unapima yanaisha. Akikwambia "litafungua fursa lukuki kwa kila mwana Tanga" wala hajakaa akafikiria, na hata ikija kutokea kweli ni bahati tu, bado ilikuwa porojo.

Kijana akasema sawa mwalimu lakini porojo haimuumizi mtu. Mi hapo nilimkatalia, uongo ukijulikana mtu anaaibika hata kura anakosa, "tuko mbioni" tunaipigia makofi kila uchaguzi.

Sasa kashata. Ya nazi nzuri sana. Ya karanga nikauliza mzee wangu hii ya leo? Akajibu "ya leo hiyo mwanangu", kuitafuna imelala, nikamrudishia akacheka akanibadilishia. Muongo, lakini kesi yake imeisha palepale.

Nampa nne kwa tano. Nendeni na chenji, noti ya elfu kumi hapokei.