Mafungo ya Kimya au Mafungo ya Mahubiri?

Katekista (mwalimu wa dini) wa Kisumu anayetaka kufanya mafungo, yaani kujitenga kwa siku chache na shughuli za parokia ili asali, huwa na njia mbili, na kwa ratiba zinakaribiana sana: zote huwa na Masifu ya Asubuhi, Misa ya kila siku, kuabudu Ekaristi na sala ya mwisho kabla ya kulala.

Katika mafungo ya mahubiri, padre hutoa mada asubuhi na alasiri, nao washiriki hujadiliana, huungama na kusimuliana mezani habari za vigango vyao (sehemu ndogo za parokia). Yanawafaa wanaoanza, ingawa mhubiri asiyejua kukomea huweza kuwanyima muda wa kusali wenyewe.

Mafungo ya kimya, hasa yale yanayofuata Mazoezi ya Kiroho (utaratibu wa sala na tafakari) ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, humpa kila mtu kifungu cha Injili cha kutafakari kwa takriban saa nzima, mara kadhaa kwa siku, kisha akutane na mwelekezi wa kiroho faraghani kueleza kilichomgusa na kilichomchosha. Ugali na omena huliwa bila neno; anayetaka chumvi hunyoosha kidole, na jirani huisogeza. Mazoezi kamili huchukua siku 30 hivi, lakini mara nyingi hufupishwa kuwa siku 8. (Kuzima simu huwashinda wengi kuliko kufunga chakula.)

Kwa aliyezoea kufundisha wengine kila Jumapili, ningependekeza kimya, mradi apate mwelekezi mzoefu, kwa kuwa siku za mwanzo kichwa huweza kujaa kelele kama soko la Kibuye.