TAHADHARI: Mashine za maita za mtumba kutoka Uingereza zilizobadilishwa plagi

Mafundi wenzangu wa Keko, Buguruni, na ninyi mnaoagiza mkiwa mikoani, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna wauzaji wanatangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp mashine za maita (misumeno ya umeme ya kukatia mbao kwa pembe) za kuvuta, zile za reli, za majina makubwa: Makita, DeWalt, Bosch. Bei laki nne, laki tano. Wanasema ni mtumba safi wa Uingereza, na hapo hawadanganyi. Wanachoficha ni kwamba mashine ni za volti 110.

Kule Uingereza vifaa vya saiti za ujenzi hutumia volti 110 kwa ajili ya usalama. Umeme unapitia kwanza kwenye transfoma, na plagi yake ni ya njano, nene, ya duara. Umeme wetu sisi ni volti 230. Muuzaji anakata ile plagi ya njano, anafunga ya pini tatu ya kawaida, anapiga picha, anapost.

Kijana wa karakana ya jirani yangu alinunua moja akatie fremu za mninga. Dukani iliwashwa mbele yake, ikalia vizuri. Alipoichomeka kwake, ilipiga mlio mkali usio wa kawaida, na moshi ukatoka kwenye matundu ya mota kabla hata hajagusa ubao. Tuliifungua pamoja: amecha (sehemu ya mota inayozunguka) nyeusi tii, waya zimeungana kwa joto. Ubavuni kulikuwa na stika ya dhahabu iliyoandikwa ORIGINAL. Akaikwangua kwa ukucha, na chini yake kikatokea kibati cha kiwanda: 110 V. Aliporudi dukani kudai haki yake ndipo akaiona transfoma ya njano nyuma ya maboksi, waya wa kujaribia umeunganishwa hapo. Akajibiwa kwamba mashine iliondoka nzima. Fundi wa kusuka mota naye ametaja bei inayokatisha tamaa.

Hela tutaitafuta tena. Hofu yangu kubwa ni diski. Kila diski imeandikwa kasi yake ya mwisho, na mota hizi zikipewa umeme mara mbili zinaipita kasi hiyo. Jino la kabaidi likichomoka hapo, linakuja usoni.

Kwa hiyo anza na kibati, kabla hujauliza hata bei. DeWalt za Uingereza zenye LX mwishoni mwa namba ya modeli ni 110, zenye GB ni 230. Makita za huko zenye mkwaju na 1 (/1) mwishoni ni 110, mkwaju na 2 (/2) ni 240. Mashine za soko la Japani ni 100, za soko la Marekani 120. Kibati kikiwa kimepigwa msasa au kimefunikwa stika, ondoka. Muuzaji anapoijaribu, ufuate waya kwa macho yako mpaka ukutani. Na yule atakayekuambia adapta inatosha, mwambie adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zilezile.

Mashine ya 110 yenyewe si mbovu. Muuzaji akikuambia wazi, nunua na transfoma yake. Kwa mashine ya wati 1,600, tafuta ya kVA 3 hivi, na gharama yake uijumlishe kwenye bei. Halafu vuta kichwa mpaka mwisho wa reli, ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza, kona zako za nyuzi 45 hazitafunga. Kinga ya diski lazima irudi yenyewe. Wengine wameing'oa kabisa, hizo msizichukue.

Wa mikoani: dai picha ya kibati, si ya mashine imesimama mezani. Usitume hela yote kabla ya mzigo kufika, na dai risiti ya EFD. Namba ya tapeli aliyekula hela yako itume 15040, kisha nenda polisi uchukue RB.

Kama umeshanunua na hujawasha, usiichomeke. Bandua stika zote, soma kibati, kipige picha pamoja na plagi, na umrudishie muuzaji mashine ukiwa na mtu wa kukushuhudia. Kama kibati hakisomeki, mpelekee fundi wa mota aipime kwanza.