Usiku sita kwenye malazi ya mahujaji: Valença hadi Santiago kwa miguu

Tulikuwa watano: wawili wa Tanga, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Lubumbashi na mmoja wa Bujumbura. Sote tunaishi Ulaya, lakini kila mtu na mji wake, na kwa muda mrefu tulikuwa tunaonana kwenye simu tu. Septemba tukakutana Porto, tukapanda treni hadi Valença, mji wa Ureno ulio mpakani, halafu tukavuka kuingia Hispania na mabegi mgongoni mpaka Santiago de Compostela, mji ambao mahujaji wa Kikristo wanauendea kwa miguu tangu zamani. Ni karibu kilomita 120. Usiku wote sita tulilala kwenye albergue, yaani nyumba za kulala mahujaji, na ndizo ninazotaka kuzieleza hapa, maana mimi nilitafuta maelezo yake kwa Kiswahili nikakosa.

Mpaka ni mto Minho. Unavuka daraja la chuma la mwaka 1886, na ukikanyaga tu Tui, mji wa upande wa Hispania, saa inasogea mbele kwa saa nzima. Usilipuuze hilo. Tulidhani tumewahi, kumbe foleni ya vitanda ilikuwa imeshajipanga.

Ili upewe kitanda, lazima uwe na credencial, karatasi ngumu ya kukunja inayogongwa mihuri njiani. Anayetaka cheti mwishoni anatakiwa agongewe mihuri isiyopungua 2 kila siku katika kilomita 100 za mwisho. Makanisa wanayo, baa na migahawa pia. Wawili kati yetu ni Waislamu na hakuna mlango ambapo mhudumu alituuliza dini.

Malazi ya serikali ya jimbo la Galicia tulilipa yuro 10 kwa kitanda. Vitanda ni vya ghorofa, kama vya bwenini, na shuka ni za kutumia mara moja na kutupa. Saa nne usiku taa zinazimwa. Hawapokei oda ya mapema: anayetangulia ndiye anayepata, na kila mtu anajiandikisha mwenyewe kwa pasipoti na credencial yake. Huwezi kumwekea mwenzio kitanda kwa kutupia begi juu yake. Kwa kundi, huu ndio mtihani wenyewe. Siku ya kwanza wenye miguu myepesi walitangulia, na wa nyuma nusura wakose. Kuanzia siku ya pili tukatembea mwendo wa aliye mzito kuliko wote, tukawa tunaondoka alfajiri.

Mzito wetu alikuwa wa Bujumbura, aliyekuja na viatu vipya. Tulipofika Redondela, ambako tulilala kwenye jengo la mawe la karne ya 16, soksi yake ilikuwa imegandia kisiginoni. Aliketi kwenye ngazi, hasemi kitu. Mhudumu, mama wa makamo asiyejua neno la Kiingereza, akatuacha sote mezani na credencial zetu, akaja na beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Alimlowesha mguu mpaka soksi ikaachia yenyewe, akaukausha kwa taulo kwa kugusagusa tu, akafunika lengelenge kwa plasta nene. Ndipo akarudi kugonga mihuri. Kwa yuro 10, sijawahi kuhudumiwa namna ile katika hoteli yoyote.

Malazi ya watu binafsi ni ghali kidogo, ila yana pazia la kitanda, soketi ya chaja kila kichwani, na unaweza kuagiza mapema. Hata hivyo usiku mmoja tulipiga simu tukaahidiwa vitanda vitano, tukafika jioni tukakuta vimebaki vitatu. Wawili wakaenda nyumba ya wageni kulipa yuro 55. Liliniudhi sana, kwani tulikuwa tumetembea zaidi ya kilomita 20 tukijua pa kulala papo. Ukiagiza, waambie saa ya kufika na uwapigie tena njiani.

Kuhusu njia yenyewe, kabla ya mji wa O Porriño kuna njia panda: moja inapita eneo la viwanda, lami tupu na malori, nyingine inafuata mto Louro chini ya miti. Fuata mto. Caldas de Reis kuna maji ya moto ya chemchemi, na kutumbukiza miguu humo baada ya safari ni raha isiyosimulika. Na sisi watu wa pwani tulifika nyumbani kwa mlo: Wagalisia wanachemsha pweza, wanamkata kwa mkasi, wanamwagia mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na pilipili nyekundu ya unga, wanamleta kwenye sahani ya mbao. Laini ajabu. Asiyekula nguruwe aulize kwanza kuhusu supu ya caldo.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja; Uingereza haimo) hahitaji viza nyingine. Mwenzetu anayeishi London, kwa pasipoti ya Tanzania, aliomba viza, na nusura tumwache.

Kanisa kuu la Santiago haliruhusu mabegi ya safari ndani. Tukaingia kwa zamu: watatu kwanza, wawili tukabaki uwanjani tumeketi katikati ya mabegi matano. Wa Bujumbura alitoka amevua viatu, kavishika mkononi, akaniambia, "Ingia sasa, nayalinda mimi."