Mipira ya Mazoezi kwa Mwanamke Anayeanza Kuimarisha Mabega, Mgongo na Tumbo: Upi Ununuliwe Kwanza Mjini Moshi

Mwanamke anayeingia katika duka la vifaa vya michezo mjini Moshi na kuulizia mipira ya mazoezi, yaani mikanda ya mpira inayonyumbuka ikivutwa, mara nyingi huonyeshwa kifuko chenye mipira mitano mifupi ya rangi tofauti, ile ya mduara inayovaliwa juu ya magoti. Mipira hiyo inafanya kazi yake vizuri, lakini kazi yake ni mapaja na makalio. Aliyetaka kuimarisha mabega, kifua, mgongo na tumbo ataipeleka nyumbani, atajaribu kuivuta mbele ya kifua, ataona haimpi nafasi ya kunyoosha mikono, kisha ataamini kwamba mazoezi haya si ya mtu kama yeye. Ndiyo maana mpangilio ninaoutoa hapa umejengwa juu ya swali ambalo muuzaji huwa haulizi, nalo ni urefu wa mpira. Kwa sehemu ya juu ya mwili, urefu hutangulia rangi, idadi na hata nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Jiwe la kilo 2 lina kilo 2 likiwa chini na likiwa juu, ilhali mpira huongeza ukinzani kadiri unavyonyooka kuliko urefu wake wa awali. Mpira wa mita 2 ukivutwa kwa sentimita 60 umeongezeka kwa chini ya theluthi moja, hivyo mzigo unapanda taratibu na bega linapata muda wa kujipanga. Mduara mfupi, ambao ukilazwa bapa una sentimita 30 hivi, ukitakiwa kusafiri umbali huohuo lazima ufike mara tatu ya urefu wake, na huko ndiko mipira inakokatika na mabega yanakoumia.

Nafasi ya kwanza naupa mpira bapa mrefu usiounganishwa ncha, unaofanana na utepe mpana wa sentimita 10 hadi 15, ambao wataalamu wa fiziotherapia huwapa wagonjwa wanaorudisha nguvu za bega au goti. Ununuliwe wa mita 2. Wa mita 1.5 pia huuzwa, lakini mwanamke mrefu akiukanyaga na kuinua mikono hadi mabegani atakuta umekwisha kukaza kabla hajafika nusu ya safari. Kipimo kipo katika kila nyumba: kanga moja ina urefu wa takriban mita moja na nusu, na mpira unaofaa, ukilazwa juu yake bila kuvutwa, unapaswa kuizidi kwa umbali wa kiwiko hadi ncha za vidole.

Naupendelea kwa sababu unaanzia kwenye wepesi wa kweli. Wanawake wengi wa hapa wana nguvu kubwa ya kubeba, kwa kuwa aliyeteremsha ndizi kutoka Kibosho au Uru hadi sokoni Mbuyuni hahitaji kufundishwa ustahimilivu. Hata hivyo, mzigo wa kichwani hujenga zaidi shingo, miguu na mgongo uliosimama wima; misuli inayovuta mabega kwenda nyuma na ile inayosukuma mbele ya kifua hubaki bila kazi, na kwa anayeshinda ameinamia cherehani au kompyuta hali huwa mbaya zaidi. Misuli hiyo inastahili kuanza na kilo moja au mbili. Katika mipira ya TheraBand, kwa mfano, mpira ukinyooshwa hadi mara mbili ya urefu wake, wa njano hutoa ukinzani wa kilo 1.3, mwekundu 1.7, wa kijani 2.1, wa bluu 2.6 na mweusi 3.3. Rangi hizo si sheria kwa watengenezaji wote. Kijani cha kampuni moja kinaweza kuwa kizito kuliko cheusi cha nyingine, kwa hiyo muuzaji anayesema tu kwamba nyekundu ni ya wanawake hajajibu swali. Nunua miwili inayofuatana kwa nguvu, na uchague ule mwepesi kwa kipimo hiki: uweze kurudia zoezi mara 12, mbili au tatu za mwisho zikiwa nzito, lakini mabega yasipande kuelekea masikioni.

Mpira huo mmoja unatosha kwa mazoezi yote ya msingi. Kaa juu ya mkeka ukiwa umenyoosha miguu, uzungushe mpira kwenye nyayo, kisha vuta viwiko kwenda nyuma vikipita karibu na mbavu. Hapo mgongo unafanya kazi. Upitishe mgongoni chini ya makwapa, shika ncha, usukume mbele. Hapo kifua na nyuma ya mikono vinafanya kazi. Ukanyage kwa mguu mmoja na uinue mikono juu ya kichwa kwa ajili ya mabega. Kwa tumbo, ufunge kwenye nondo za dirisha au nguzo ya baraza kwa usawa wa kifua, simama ubavu ukiwa umeelekea ulikofungwa, shika kwa mikono miwili kifuani, kisha sukuma mikono mbele polepole huku ukikataa kugeuzwa. Zoezi hili nalithamini kuliko kujikunja mara hamsini sakafuni, kwa sababu kazi kubwa ya misuli ya kiwiliwili ni kuuzuia mgongo usipindishwe na mzigo, na ndiyo kazi itakayohitajika siku ya kuinua ndoo au kumbeba mtoto. Pumzi isizuiwe wakati wa kusukuma, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Mwanamke aliyejifungua karibuni au aliyepasuliwa tumboni aanze mazoezi ya tumbo baada ya kuruhusiwa kliniki, na akiona tumbo linachomoza katikati mfano wa tuta anapokaza, asimame na kuomba ushauri.

Udhaifu wa mpira bapa ni wembamba wake. Kucha ndefu, pete yenye jiwe na nondo zenye kutu huutoboa, na tundu dogo hugeuka mpasuko wakati wa kuvuta. Pete ivuliwe, na nondo zifungwe kanga kuukuu kabla ya kupitisha mpira. Aidha, kuuzungusha kiganjani kunabana vidole, jambo ambalo mwenye maumivu ya viungo vya mikono hatalivumilia.

Mwanamke huyo ndiye anayepaswa kutazama nafasi ya pili, yaani mpira wa mrija wenye vishikio. Seti ya kawaida huwa na mirija mitano yenye urefu wa mita 1.2 hivi, vishikio viwili, vifungo vya miguuni na kamba ya kubana mlangoni, na mirija huweza kuunganishwa miwili au mitatu kwa pamoja nguvu inapoongezeka. Vishikio vinatuliza mkono, na zoezi la kuvuta kutoka juu kuja kifuani hufanyika kwa raha. Kilichoifanya seti hii ishike nafasi ya pili ni kwamba ina sehemu nyingi zinazoweza kushindwa: kulabu za chuma, mishono ya vishikio na, zaidi ya yote, mahali mrija unapoingia kwenye kifuniko chake. Hapo ndipo ukaguliwe kwa kidole, huku ukiuvuta kidogo. Ukiona weupe, ufa au mrija unateleza, urudishe. Namba zilizoandikwa, ambazo mara nyingi huwa ratili 10 hadi 50, yaani takriban kilo 4.5 hadi 23, ni za mpira ulionyooshwa sana, hivyo anayeanza asiogope mrija wa kwanza wala asiharakie wa tatu. Kamba ya mlangoni itumike pale tu mlango unapofungukia upande wa pili, ili kuvuta kwako kuzidi kuufunga, na ufunguo uzungushwe. Milango mingi ya chuma ina mwanya mpana na kingo kali. Kwa nyumba ya namna hiyo, tumia nondo zilizofungwa kanga.

Nafasi ya tatu ni mpira mrefu wa mduara, wenye takriban sentimita 104 ukilazwa bapa, ule ambao wanaonyanyua vyuma huutumia. Ni imara na hudumu kuliko mingine, lakini mwingi unaoonekana madukani ni mipana mno kwa anayeanza. Anunue wenye upana wa milimita 6 au 13 tu. Wa milimita 32 ni wa miguu, au wa kumsaidia mtu anayejifunza kujivuta kwenye chuma. Atazame pia ukingo wake: uliotengenezwa kwa tabaka nyembamba zilizobandikwa huonyesha uchakavu kwa kubanduka kidogo kidogo, na hiyo ni dalili njema kuliko ule uliomiminwa kipande kimoja, ambao huweza kukatika ghafla.

Mipira mifupi ya kwenye kifuko inashika nafasi ya nne. Ina faida chache kwa sehemu ya juu, kama vile kuivaa kwenye vifundo vya mikono na kutanua mikono kidogo wakati wa kusimama kwa viganja na vidole vya miguu, lakini isiwe ununuzi wa kwanza. Mikanda ya kitambaa, ambayo haijikunji na hupendeza kwa macho, ni ya nyonga pekee na kwa lengo letu inakaa mwisho. Wako pia wanaokata tyubu ya baiskeli, na kwa mgongo na miguu inasaidia kweli pale fedha inapokosekana. Hata hivyo haina wepesi wa kuanzia bega, na sehemu yenye valvu ni lazima ikatwe na kutupwa, kwa kuwa chuma hicho kikimrudia mtu usoni kinaweza kumpofusha.

Kuhusu malighafi, mipira mingi ni ya lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, na baadhi ya watu hupata mzio wakiigusa. Anayewashwa au kuvimba akivaa glavu za mpira aulizie isiyo na lateksi. Vivyo hivyo kwa anayewashwa mdomoni akila ndizi, parachichi au papai, kwa kuwa protini za matunda hayo zinafanana na za lateksi. Katika mkoa ambao ndizi na parachichi vipo mezani karibu kila siku, hili si jambo la kupuuzwa.

Jua ndilo adui mkubwa wa lateksi. Mpira ulioanikwa mezani pembeni mwa barabara tangu asubuhi huwa umekwisha kuanza kuchakaa hata kama ni mpya, na wa mtumba umri wake haujulikani, kwa hiyo yote miwili iachwe hata ikiwa kwa bei ya kutupa. Dukani, ufungue, uunyooshe hadi mara moja na nusu, uuelekeze kwenye mwanga kutafuta matundu, na uukatae ukinata au ukiwa na mistari kama ya udongo uliokauka. Anayeagiza kutoka Kariakoo na kutumiwa kwa basi aombe kwanza video fupi ya mpira ukipimwa kwa futi, kisha ndipo alipe.

Nyumbani, mikono iliyopakwa mafuta ya mgando au ya nazi ipanguswe kabla ya kuushika, kwa kuwa mafuta hulainisha na kuozesha lateksi. Ukishapangusa jasho kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke kivulini na uuhifadhi kabatini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kwa matumizi ya kiasi hicho kagua mpira kila mara kabla ya kuuvuta; ukiona ufa mdogo wowote, usiufunge fundo ili uendelee nao. Nunua mwingine wa nguvu ileile, au wa ngazi inayofuata ikiwa marudio 15 yamekuwa mepesi.