Baiskeli ya milimani: machimbo ya Unguja au vilima vya Pemba?

Kule Blaenau Ffestiniog, Wales, machimbo ya zamani ya mawe yamegeuzwa njia za kuteremkia baiskeli. Unguja nayo ina mashimo yaliyoachwa, hasa kwenye ardhi ya maweni, yaani ya jiwe la matumbawe. Uzuri wa jiwe hilo ni kuwa halituamishi maji: mvua ya masika ikikatika asubuhi, jioni unaweza kupanda. Miteremko mifupi yenye kona kali inakufunza breki haraka. Lakini jiwe lenyewe hukata kama wembe! Hupasua ubavu wa tairi, na ukianguka linakuchuna vibaya. Tairi nene, glavu na helmeti ni lazima. Kaa mbali na ukingo uliochimbwa kwa chini, maana huporomoka, na kabla ya kuingia mwone sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo.

Pemba ni vilima na mabonde, mikarafuu na vivuli. Udongo ni laini, ila ukirowa huteleza. Msimu wa karafuu punguza mwendo, watu wameanika kwenye majamvi kando ya njia.

Kwa safari ndefu nachagua Pemba bila kusita. Anayetaka kujifunza mizani ya mwili juu ya baiskeli, machimbo yanamfaa zaidi, mradi asiende peke yake.