Kikasha cha gemu 400 cha Kariakoo: Contra ipo, bunduki haipo

Bei ya kuanzia ni shilingi 35,000. Ukijifanya unaangalia vitu vya duka la jirani inashuka mpaka 30,000, na ukiwa na hela kamili mkononi unaondoka nacho kwa 25,000. Chenye pedi ya pili hakishuki chini ya 30,000 hata ukilia. Hizo ni bei za Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mtandaoni nimekiona kwa 45,000, "unaletewa bure mpaka mlangoni", bure ambayo umeshailipia.

Kinachouzwa ni kikasha cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kioo cha inchi 3, kitufe cha msalaba kushoto, vitufe vinne kulia, na gemu zote 400 zimo humohumo ndani. Hakina kaseti, hakitaki intaneti, hakikuulizi nywila. Kwenye boksi mna waya wa kuchajia, waya wa AV wa kuunga kwenye TV, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza ambacho Mwingereza mwenyewe angekitafutia mkalimani. Jina la kiwanda sikuliona popote.

Kijana wa dukani alianza kwa kunionyesha Mario. Nikamwambia, "Mdogo wangu, Mario najua ipo. Niwekee Contra." Akaniangalia upya. "Kumbe dada ni wa zamani!" Nikamwambia wa zamani ni babu yako, punguza bei.

Sasa nieleze huo uzamani wangu, maana bila hapo huwezi kujua napima kikasha hiki kwa mizani gani. Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mjomba wangu alikuwa baharia, na safari moja alirudi kutoka Dubai na mashine ya gemu, nyeupe kwa nyekundu, pedi mbili zenye nyaya fupi, bunduki nyeusi, na kaseti ya njano iliyoandikwa "9999 in 1". Televisheni kwetu bara ilikuwa bado jambo geni. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya 1970. TV yetu ya chogo ilikuwa ya deki, ya taarifa ya habari, na tangu siku ile ikawa ya gemu, baba akishalala au akiwa hayupo.

Hakuna aliyetuambia kwamba mashine ile ni ya kuiga. Asili yake ni Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, iliyoingia sokoni Japani Julai 1983. Viwanda vya Asia viliirudufu kwa miaka na kuiuza pembe zote za dunia ambako Nintendo mwenyewe hakujishughulisha kufika. Kwa hiyo watu wengi wa rika langu hapa nchini tumelelewa na Nintendo bila kuwahi kuigusa. Na zile gemu 9999 ukishuka nazo kwenye orodha unakuta ni zilezile chache: hii inaanzia steji ya pili, ile ya tatu, jina wamelichakachua. Kikasha cha sasa kina haya kidogo kwa hilo. Hizo 400 nyingi ni gemu tofauti kweli, ingawa zaidi ya nusu sijui nani aliziagiza. Mimi wangeniwekea 30 tu kwa bei hiyohiyo ningeshukuru.

Mario haina makuu. Ni ileile ya 1985, gemu nzima ilikuwa kilobaiti 40, picha moja tu ya simu yako inaizidi mara nyingi. Ile njia ya dunia 1-2, ya kupanda juu ya dari na kutembea mpaka kwenye mabomba ya kurukia dunia ya 2, 3 na 4, ipo na inafanya kazi. Mwanangu wa miaka tisa alipita uyoga, akataka kurudi kuuchukua, akagota ukingoni mwa kioo. "Mama, imeganda." Haijaganda, baba. Mario ya zamani ikishasogea mbele hairudi nyuma.

Tenki ndiyo iliyonifanya niongeze zile 5,000 za pedi ya pili. Jina lake halisi ni Battle City, ya kampuni ya Namco, 1985: ramani 35, kila ramani tenki 20 za adui, na chini kabisa yuko ndege wenu amezungushiwa matofali. Ndege akipigwa, mchezo umekwisha hata kama mna roho za kutosha. Uzuri wake upo kwenye vijisheria viwili. Risasi ya mwenzako haikuui ila inakugandisha, unasimama kama sanamu huku adui anakufuata. Na risasi yenu wenyewe inamuua ndege sawasawa na ya adui. Nyumbani kwetu mimi nilikuwa mshambuliaji, kaka yangu mlinzi, na ndege wetu wengi waliuawa na mlinzi. Kuna na sehemu ya kujijengea ramani. Tulimzungushia ndege vyuma pande zote, tukala raha ramani ya kwanza, ya pili matofali yakarudi palepale.

Tenki ya peke yako, umejiinamia juu ya kioo cha inchi 3, haina ladha. Nilijaribu kwenye daladala ya Mbagala nikaona ni kujisumbua tu. Gemu zile zilitengenezwa watu wakae bega kwa bega, wagombane. Kikasha cha mkononi kimekuja kuzigeuza za upweke, na hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko mambo ya betri na kioo nitakayoyasema huko mbele.

Contra, gemu ya askari wa kukimbia na kupiga risasi. Ya kampuni ya Konami, ya nyumbani ilitoka 1988 baada ya ile ya kwenye makabati ya sarafu ya 1987. Roho tatu, ukiguswa na kitu chochote umekufa, na tofauti na sinema za deki za enzi zile, hapa steringi anakufa kila dakika. Ndani ya zile nembo zinazoruka angani unaitafuta moja tu, yenye S, bunduki inayomwaga risasi tano kwa mpigo. Mimi na kaka tulikuwa na makubaliano: S ya kwanza yangu, ya pili yake. Makubaliano yalidumu mpaka S ya kwanza ilipotokea upande wake.

Halafu steji ya tatu, maporomoko ya maji. Pale mnapanda juu, mwamba baada ya mwamba, na kioo kinamfuata aliyetangulia. Aliyebaki chini, ukingo wa kioo ukimpita, amekufa. Hakuna adui aliyemgusa, kauawa na haraka ya mwenzake. Kaka yangu alikuwa na miguu ya kurukia, na sina hakika mpaka leo kama ilikuwa bahati mbaya. Nilipomtumia picha ya kikasha, yuko Muscat miaka mingi sasa, hakuuliza bei wala hakuuliza habari za nyumbani. Aliandika, "Maporomoko hayakuwa makosa yangu."

Ile siri ya roho 30 inakubali: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Aliyeibuni ni Mjapani wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, aliyefariki 2020. Alikuwa akiileta gemu ya Gradius kwenye Famicom mwaka 1986, ikamshinda ugumu wake wakati wa kuijaribu, akajiwekea mlango wa nyuma, na mlango ukabaki wazi. Tanga siri ile ililetwa na binamu yetu wa Mombasa aliyekuja likizo nayo kichwani. Hakuitoa bure. Ilitugharimu visheti vya kikapu kizima, na alitupa herufi ya mwisho baada ya kumaliza kula.

Ila Contra ndiyo inayoufichua ubaya wa kitufe cha msalaba cha kikasha hiki. Unabonyeza mbele, chenyewe kinakupa mbele na juu, unapiga hewa na adui yuko usoni. Ukiizoea unajifunza kubonyeza kwa ncha ya kidole gumba. Pedi ya pili, ajabu, ina msalaba mzuri kuliko kikasha chenyewe, kwa hiyo nyumbani kwangu wanagombania kuwa mchezaji wa pili.

Nije kwenye Bata. Duck Hunt imo kwenye orodha, nikafurahi, nikaifungua. Bata anaruka, huna cha kumpigia, anajiondokea, na yule mbwa anainuka kwenye nyasi kukucheka. Ndiyo gemu yote. Wamekuuzia kicheko cha mbwa.

Na hata ungekuwa na bunduki isingesaidia kwenye flati yako. Bunduki ile haikuwa ikitoa chochote, ilikuwa inatazama. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, halafu mahali alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Kijicho kilichomo kwenye mdomo wa bunduki kikiuona mwanga ule kwa wakati wake, bata kaanguka. TV ya chogo ilichora picha mstari kwa mstari bila kuchelewa, na mashine ilihesabia hapo. TV za sasa zinaipokea picha, zinaichakata kwanza, ndipo zinaionyesha, na bunduki inakuwa imeshakata tamaa. Tuliyatupa machogo kwa furaha, tukasema yanakula nafasi, na bata tukawatupa humohumo. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: pedi ya pili ilikuwa inamwongoza bata. Kaka yangu alilijua. Alikuwa anakaa kimya nyuma yangu na pedi mapajani, "nasubiri zamu yangu tu dada", na bata wa siku hizo walikuwa na akili sana.

Mambo ya kiufundi niyapitie. Betri ni ile ya BL-5C, ya Nokia za tochi, na hili ndilo wazo bora kabisa la kikasha kizima, maana ikifa fundi simu yeyote wa mtaani anayo. Inatosha mchana mmoja wa mtoto mtukutu. Juani huoni kitu. Sauti ni kali, muziki wa Mario unasikika kama umebanwa pua, na kipunguza sauti kina hatua mbili: kelele na kelele kidogo. Hakihifadhi ulipofikia, ukizima, unaanza moja. Wanangu hilo limewashinda kulielewa, nikawaambia sisi tulikuwa tunaacha mashine ikiwaka usiku kucha na TV imezimwa, tukiomba umeme usikatike.

Kwenye TV, kwanza angalia kama ina tundu la AV, nyingi mpya zimebaki na kijitundu kimoja kinachotaka waya wa kuunganishia ambao haumo kwenye boksi. Picha itakuja imetanuka, Mario kanenepa. Nenda kwenye mipangilio ya TV uweke 4:3. Na kama kuna kipengele cha "Game" kwenye mipangilio ya picha, kiwashe, la sivyo unabonyeza kuruka sasa na Mario anaruka akishatumbukia shimoni.

Wanangu? Wa kiume alikidharau mpaka nilipokiunga kwenye TV na kumpa dada yake pedi. Dada yake ana miaka kumi na mbili, hajawahi kuniomba gemu yoyote, na sasa ndiye mlinzi wa ndege. Anampiga yeye mwenyewe. Kila wakikaa nasikia, "Umenigandisha makusudi!" na mimi jikoni najua wako ramani ya ngapi kwa makelele tu.

Kwa hiyo, kama unamtafutia zawadi mtoto aliyezoea gemu za simu na atacheza peke yake, mnunulie viatu. Kama unajinunulia wewe, au una wawili wa kuwagombanisha, chukua chenye pedi ya pili na usidanganywe kwamba utaiongeza baadaye, wanaouza pedi pekee ni wachache. Usilipe kabla hujaiwasha Tenki kwa watu wawili palepale dukani, na bonyeza B ya pedi zote mbili. Yangu ya kwanza B ilikuwa imekufa, kijana akanibadilishia bila kununa.

Nikamuuliza kuhusu bunduki. Anasema zile mashine kubwa za kaseti bado zinaingia, zikiwa na bunduki yake ndani ya boksi, na akipata atanipigia. Chogo, anasema, nitajijua.