Kifaa cha Sona kwenye Ziwa Usilolijua: Jaribio la Naivasha

Watazamaji wapenzi, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni kifaa kidogo cha sona, ambacho wengi hukiita mashine ya kutafutia samaki, na nimekijaribu katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako sikuwa nimewahi kuvua. Nilitaka kujua iwapo mgeni mwenye kifaa hiki botini atampata samaki aitwaye besi mwenye mdomo mpana upesi kuliko asiye nacho.

Kile kidude kinachozamishwa majini ubavuni mwa boti hutuma mawimbi ya sauti, yanayosafiri mita 1,480 hivi kwa sekunde, kisha hupima muda yanaotumia kurudi. Kina husomeka vizuri. Tatizo ni upana wa eneo linaloonekana. Mawimbi hayo hutanuka kuelekea chini mithili ya mwanga wa kurunzi, na kwa kuwa pembe ya kifaa hiki ni nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10 utaona duara lenye upana wa mita 3 na nusu, ilhali kwenye kina cha mita 2 utaona sentimita 70 tu. Sasa, besi wa Naivasha, ambaye asili yake ni Marekani na aliingizwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, hujibanza pembezoni, kwenye vivuli vya mafunjo. Ukimpitia juu kwa boti ili umwone kwenye skrini, umekwisha mfukuza.

Vilevile, zimeni ile picha ya visamaki inayochorwa kwenye skrini. Haiwezi kumtofautisha besi na kapi, samaki aliyeonekana ziwani humo mwaka 2001 na baadaye akatawala nyavu za wavuvi.

Kifaa hiki kinastahili sifa kwa jambo jingine kabisa. Maji ya Naivasha yamepanda sana miaka ya karibuni na kumeza migunga iliyokuwa nchi kavu. Baadhi ya vigogo vimechomoza, vingine vimejificha chini kidogo ya uso wa maji. Kwenye skrini, mti uliozama huonekana kama mstari mnene unaoinuka kutoka sakafu ya ziwa, wenye madoa hafifu ya matawi ubavuni. Ukishauona, usisimame juu yake: rudi nyuma umbali wa kurusha mshipi, kisha upitishe chambo polepole chini, kandokando ya shina. Mimi hupendelea chambo bandia chenye umbo la kamba wa maji baridi, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kwa sababu kamba hao, walioletwa mwaka 1970, ni chakula kikubwa cha besi.

Kuhusu viboko, msikitegemee kifaa hiki hata kidogo, kwani kinatazama chini tu, wala hakioni kilicho mbele ya boti. Hiyo ni kazi ya nahodha mwenyeji, na ujira wake ni wa lazima kuliko kifaa chenyewe.

Skrini inasomeka juani, ingawa ukivaa miwani fulani ya kupunguza mng'ao huwa nyeusi. Kama bajeti inaruhusu, chukueni toleo lenye GPS, maana kila kigogo mtakachokiwekea alama asubuhi mtakifikia tena mchana, upepo unapochafua maji na vigogo visionekane kwa macho.